Malawi wanatafuta mchambuzi wa sheria za afya wa kujitolea. Kwani wao hawana mawakili?

#1 Wakili wa Makoroboi

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kufanya kazi za namna hii.

Mimi ni wakili hapa Mwanza, bado mchanga. Kazi zangu ni zile mnazozijua: mirathi, talaka, mikopo ya vikundi na viwanja vya Buswelu vilivyouzwa kwa watu wawili. Mwaka juzi asasi moja ilinipa kazi ya kupitia sheria ndogo za halmashauri za kanda hii kuhusu usafi na mialo ya samaki. Ripoti ile ikasomwa na watu wa mbali, na sasa nimepata nafasi ya kujitolea Lilongwe kwa mwaka mmoja kama mchambuzi wa sheria. Kazi ni kusaidia wizara kupitia sheria yao ya afya ya umma, iliyotungwa 1948 na kutiwa viraka tangu hapo, pamoja na kanuni zake. Mshahara hakuna. Kuna posho ya kujikimu, nyumba, bima na tiketi.

Kwenda au kutokwenda nitaamua na mke wangu. Ninachouliza ni hiki: nchi yenye vyuo vya sheria, Tume ya Sheria, chama cha mawakili na mahakama zinazotoa hukumu nzito, inatafutia nini mtu wa kujitolea kutoka nje aje kupitia sheria yake? Hadidu za rejea nimezisoma, hazijibu.

#2 Ngosha wa Igoma

Kujitolea kwenye nyumba na tiketi? Huku kwetu kujitolea ni kubeba mawe ya msingi wa zahanati Jumamosi asubuhi na kurudi nyumbani na njaa. Nenda.

#3 Dagaa Mkavu

Wakili wa kujitolea! Wangu alinitoza hadi muda wa kumsalimia.

#4 Mzee wa Nansio

Kijana, jibu lake ni bajeti. Nimestaafu utumishi wa halmashauri, miradi ya wafadhili nimeiona inakuja na kuondoka. Mfadhili akitoa fedha za mageuzi ya sheria, fungu la mtaalamu limo kwenye andiko tangu siku ya kwanza, na huwezi kulihamisha likawa mshahara wa mtumishi wa serikali. Lisipotumika linarudi lilikotoka. Kwa hiyo wizara inakubali mtaalamu, hata kama ofisi ya jirani yumo kijana wao mwenye shahada ileile.

#5 Binti wa Malimbe

Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapo sijakuelewa. Kama fungu la mtaalamu lipo, angeitwa mshauri mwelekezi, mwenye ankara ya dola kwa siku. Mleta uzi anasema mshahara hakuna. Mtu wa kujitolea ni dalili kwamba fungu HALIPO.

#6 Mzee wa Nansio

Marahaba mwanangu. Fungu lilikuwepo, mshauri mwelekezi akaja, akaandika kurasa 200, akaondoka. Sasa anatafutwa wa kuzisoma.

#7 Karonga Kwanza

Wakuu, mimi nilikuwa Malawi kipindi cha kipindupindu, 2022 kwenda 2023, kwenye asasi ya haki, kazi inayokaribiana na hiyo. Bajeti ni sehemu ya jibu lakini haitoshi.

Ili uelewe rudi Aprili 2020. Rais wa wakati huo, Peter Mutharika, alitangaza kufunga nchi kwa siku 21 kwa sababu ya Corona. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu na swali la mtaani kabisa: mama anayeuza nyanya kule Limbe atakula nini siku hizo 21? Mahakama ikaweka zuio, nchi haikufungwa. Wiki hiyohiyo majaji wakasema kwamba waziri alitunga kanuni za kufunga nchi akiegemea sheria ya afya ya umma, na sheria hiyo haimpi waziri mamlaka hayo. Hapo ndipo kila mtu Capital Hill, kwenye ofisi za serikali Lilongwe, alipojua sheria mama imezeeka.

Sasa jiulize nani apewe kazi ya kuipitia. Mawakili wao waliobobea kwenye mambo hayo walikuwa ama upande wa waombaji ama upande wa Serikali. Ukimwita mmoja, upande wa pili unasema rasimu imeandikwa na adui. Mtu wa Mwanza hana upande, hajui hata nani alimpigia nani kura. Hicho ndicho wanachokutakia.

#8 Binti wa Malimbe

#7 umeeleza vizuri ila umechanganya tarehe. Aprili ilikuwa zuio tu, lilitolewa tarehe 17, siku moja kabla ya katazo kuanza. Uamuzi kwamba kanuni zilivuka mipaka ya sheria mama ulikuja Septemba 2020. Kwa mwanasheria tofauti hiyo ni kubwa. Zuio halisemi nani ana haki, linasema subirini kwanza.

#9 Karonga Kwanza

Sawa, Septemba. Hoja yangu haibadiliki.

#10 Kalamu Nyekundu

Hoja ya kutokuwa na upande ni tamu lakini siiamini sana. Mimi naona ni jambo la kawaida zaidi. Watu wanadhani wizara ya afya ndiyo inaandika sheria ya afya. Hapana. Kwenye nchi zetu zote zilizorithi mfumo wa Mwingereza, muswada unaandikwa na waandishi wa sheria walio chini ya Mwanasheria Mkuu. Ni wachache na foleni yao ni ndefu: kodi, uchaguzi, madini, mikataba ya mikopo. Muswada wa afya hauna mtu wa kuusukuma.

Kabla haujafika kwao kuna kazi ya miezi mingi isiyo na jina. Kila kifungu cha zamani kiwekwe kwenye jedwali: kinasema nini, kinagongana na kifungu gani cha katiba, majirani wamefanyaje, kanuni za afya za kimataifa za 2005 zinadai nini, nani atatekeleza, kwa fedha ya nani. Wizara yenye wanasheria wa kuhesabika, ambao kila asubuhi wana mikataba ya dawa na kesi za watumishi mezani, haimwachii mtu mwaka mzima afanye jedwali. Wewe mleta uzi unaitwa kwa ajili ya jedwali. Si siasa, ni upungufu wa mikono.

#11 Ngosha wa Igoma

Kwa hiyo anaenda kuchora mistari. Na nyumba anapewa.

#12 Nesi wa Ukara

Ninyi wanasheria mnanifurahisha. Miaka ya tisini hapahapa mkoani Mwanza watafiti walichukua jozi sita za maeneo: ya mwambao, visiwani, kando ya barabara na ndani vijijini. Upande mmoja wakafundisha wahudumu wa vituo vya afya kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, wakahakikisha dawa zipo. Upande wa pili ukaendelea kama kawaida, ukapata huduma hiyo baadaye. Matokeo yakachapishwa 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule kwenye huduma bora. Dunia nzima ikanukuu Mwanza.

Niambieni ni kifungu gani kilibadilishwa. Hakuna. Ilikuwa dawa kwenye kabati na mhudumu anayejua kuuliza bila kumwaibisha mgonjwa. Mwaka mzima wa jedwali Lilongwe ungenunua dawa ngapi?

#13 Wakili wa Makoroboi

Dada Nesi, hapo umenigusa. Nitarudi.

#14 Kalamu Nyekundu

Nesi, jaribio lile nalijua na nalivulia kofia. Lakini nikuulize: hadi 2019, mtoto wa miaka 16 akija kwako peke yake anataka kupima VVU ulikuwa unamfanyaje? Sheria ya 2008 ilitaka ridhaa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18. Bunge lilipobadilisha 2019 umri ukashuka hadi 15, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Dawa na vipimo vilikuwepo kabatini siku zote. Kilichokuwa kimefunga mlango ni kifungu.

#15 Nesi wa Ukara

Hilo nakupa, na nitakupa na mfano. Mialoni kuna wasichana wanaoanika dagaa, wengine wametoka bara wameacha wazazi huko, wanalala kambini kwa shangazi wa kuokota. Anakuja jioni, mikono bado ina mchanga na magamba, anasimama mlangoni hasemi kitu, anasubiri wote watoke. Zamani nikimuuliza umri na akasema kweli, sheria inaniambia nimtafute mama yake aliye Kahama. Wengi walijifunza kusema wana 18. Na mimi nilijifunza kutouliza mara ya pili.

Kwa hiyo sikatai sheria ina kazi. Nakataa hii tabia ya kuanza na sheria.

#16 Dagaa Mkavu

Nesi acha kututangaza mialoni. Ila ni kweli.

#17 Mkulima wa Urambo

Mmezunguka sana. Malawi ni TUMBAKU. Ndilo zao linaloiingizia nchi ile fedha za kigeni kuliko jingine lolote. Huwezi kugusa sheria ya afya ya umma bila mtu kuuliza sigara inaingia wapi. Wakili wa Lilongwe au Blantyre ana wateja, na wateja wengine wananunua tumbaku mnadani. Atapitia sheria hiyo kwa uhuru gani? Ndiyo maana wanatafuta mtu wa nje.

#18 Kalamu Nyekundu

Ingekuwa hivyo wasingejiunga na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Wamejiunga 2023.

#19 Mkulima wa Urambo

Mkataba wenyewe ulipitishwa 2003 mkuu. Wamechukua miaka 20. Umenisaidia hoja. Na Tanzania tuliridhia 2007, mimi bado nalima na chama cha msingi bado kinanikopesha mbolea. Kujiunga ni kitu kimoja.

#20 Binti wa Malimbe

Kwenye tumbaku, kama kweli mleta uzi anaenda, asome kwanza kesi ya Uruguay. Kampuni ya sigara ya Philip Morris iliwapeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa kwa sababu ya picha za kutisha kwenye pakiti, Uruguay ikashinda 2016. Na ya karibu yetu, Uganda ilitunga sheria ya tumbaku 2015, BAT, kampuni nyingine ya sigara, ikaipinga Mahakama ya Katiba, ikashindwa 2019. Hizi kesi ndizo zinazoogopesha wizara ndogo. Waziri akiona barua ya kampuni kubwa yenye mawakili kumi chini, faili linarudi droo. Jedwali linaloonyesha "nchi hii ilishtakiwa ikashinda, kwa sababu hizi" lina thamani kuliko mnavyodhani.

#21 Ngosha wa Igoma

Swali la pembeni. Akifika kule atawaambia ni Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi?

#22 Dagaa Mkavu

Akisema Nyasa, posho inakatwa siku hiyohiyo 😂 Mimi nina hamu tu na usipa wao, nasikia ni ndugu wa dagaa wetu.

#23 Mzee wa Nansio

Hilo si la kucheka. Wao wanashikilia mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890, kwamba mpaka unapita ufukweni kwetu na maji yote ni yao. Sisi tunasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa. Mvuvi wa Kyela anatupa nyavu asubuhi bila kuuliza lolote katika hayo.

#24 Karonga Kwanza

Ukila chambo, yule samaki wao wa ziwani, sema "ziwa" tu, basi. Nilikaa salama kwa njia hiyo. Usipa ni mtamu lakini dagaa wetu wana utu zaidi.

#25 Msimamizi

Mambo ya mpaka yana uzi wake. Turudi.

#26 Fundi Vyoo Mabatini

Mimi si msomi, ila mada ya sheria ya afya inanihusu kuliko ninyi nyote, maana ndiyo inanipa kula.

Sheria inataka kila nyumba iwe na choo. Sawa kabisa. Njoo Mabatini juu na sululu. Futi mbili, jiwe. Unasogea pembeni, jiwe. Kwa hiyo tunajenga choo cha kupanda ngazi: shimo liko juu ya ardhi, limezungushiwa tofali, na chini upande wa mteremko tunaweka kipande cha bomba chenye kizibo. Wengine wanaweka kizibo cha mbao, wengine tambara limefungwa kwenye mfuko wa saruji. Mvua kubwa ikianza usiku, mwenye nyumba anatoka na tochi, anachomoa kizibo. Kufika alfajiri choo ni kitupu, kila kitu kimeshuka mto Mirongo, na Mirongo unaujua unamwaga ziwani, mjini hapahapa.

Afisa afya anapita saa nne asubuhi. Choo kipo. Kina mlango, kina ndoo ya kunawia. Anaweka tiki. Jirani aliyekataa kujenga kwa sababu anaona aibu kumwagia wa chini anapigwa faini.

Aliyeandika ile sheria alikuwa anaishi kwenye udongo.

#27 Wakili wa Makoroboi

Fundi, natamani ungekuwepo wakati naandika ile ripoti. Nilikuwa nimekaa na maafisa tu.

#28 Nesi wa Ukara

#26 ndiyo hoja yangu! Na milimani kilichoanza kuleta unafuu ni mamlaka ya maji kupitisha yale mabomba membamba ya majitaka katikati ya nyumba. Bomba, si kifungu.

#29 Kalamu Nyekundu

Na bomba lilipita kwenye viwanja vya watu kwa mamlaka ya nani, Nesi? Bila sheria ya kumruhusu mwenye bomba kupita, mzee mmoja mkorofi anazuia mtaa mzima.

#30 Nesi wa Ukara

Mwenyekiti wa mtaa alikaa naye wakanywa chai.

#31 Fundi Vyoo Mabatini

Kwetu wote wawili mko sahihi. Mwingine alikunywa chai, mwingine alionyeshwa karatasi.

#32 Shemeji wa Kirumba

Nimesoma wote. Kuna jambo hamjaligusa. Hivi ni sawa kweli mgeni kwenda kuandika sheria ya watu? Tungesikia Mmalawi wa kujitolea anapitia sheria yetu ya afya ya umma ya 2009 hapo Dodoma, uzi huu ungekuwa na kurasa mia za matusi. Tunalalamika wazungu wanakuja na mifano yao, sasa na sisi tunatuma wakili wa mirathi na viwanja. Samahani mleta uzi, sikutukani. Sheria unaiacha pale, wewe unapanda ndege. Ikimfunga mtu bila haki hutakuwepo.

Na tuliona Uganda 2022, muswada uliotaka asiyechanjwa Corona atozwe faini au afungwe. Fikiria ungekuwa umeandikwa na mgeni.

#33 Mzee wa Nansio

Shemeji, sheria zetu nyingi za zamani ziliandikwa na mgeni asiyejua hata kusalimia. Na ya 1948 ya Malawi pia, kabla ya uhuru wao wa 1964. Mgeni hajaanza leo.

#34 Shemeji wa Kirumba

Mzee, hiyo si sababu ya kuendelea.

#35 Karonga Kwanza

Shemeji ana hoja. Nieleze ilivyokuwa, kisha muamue.

Mlipuko ule wa kipindupindu ulianza Machi 2022, na hadi unatulia 2023 wagonjwa walipita 58,000, waliokufa walipita 1,700. Asasi yetu ilikuwa inakusanya maoni kuhusu mamlaka ya dharura: nani atangaze, kwa muda gani, nani afute. Pale ofisini tulikuwa tumeshaandika kuhusu mazishi. Maandishi mazuri kabisa: mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu usioshwe na ndugu, uzikwe kwa usimamizi wa mtumishi wa afya. Kila mtu kwenye meza akatikisa kichwa kukubali.

Tukaenda kikao upande wa Salima, ufukweni. Mfumu mmoja, yaani chifu, mtu mzima, akasikiliza tafsiri mpaka mwisho. Akauliza taratibu: huyo mtumishi wa afya anatoka wapi? Tukasema kituo cha afya. Akauliza, ana mafuta ya pikipiki? Hakuna aliyejibu, maana hata gari letu lilikuwa limepanga foleni ya mafuta asubuhi. Akasema: basi mwili utakaa ndani siku mbili mkimsubiri, na watu wamejaa uani, na chakula kinapikwa. Mmeongeza wagonjwa.

Tukarudi tukaandika upya. Ndugu wawili wafundishwe, wapewe glavu na klorini, waoshe wao, na halmashauri ndiyo igharamie vifaa. Gharama ikaingia kwenye rasimu. Yule mzee hakuwa mwanasheria na mimi sikuwa mtu wa pale. Kilichokuwa faida kwangu ni kwamba sikuona aibu kuuliza maswali ya kijinga. Wenzangu wa Lilongwe waliona aibu kumuuliza chifu jambo ambalo mwenyeji anatakiwa kulijua.

#36 Binti wa Malimbe

Kwa hiyo sasa sababu yako si kukosa upande tena, ni kukosa aibu?

#37 Karonga Kwanza

Zote mbili 😂

#38 Ngosha wa Igoma

Hiyo rasimu ilipita?

#39 Karonga Kwanza

Niliondoka ikiwa bado inazunguka mezani.

#40 Mkulima wa Urambo

Ndiyo jibu hilo. Serikali zinabadilika. Mutharika aliyezuiwa na mahakama 2020 aliondoka mwaka huohuo kwa uchaguzi wa marudio, akaja Chakwera, na 2025 Mutharika karudi. Kila anayeingia anakuja na waziri wake, na waziri anakuja na vipaumbele vyake. Faili linaanza upya. Unahitaji mtu mpya kila mara kwa sababu wa zamani wamechoka kuandika kitu kilekile. Mtu wa kujitolea hajachoka bado.

#41 Kalamu Nyekundu

Hii nayo nzuri. Ila Mkulima, dakika kumi zilizopita ilikuwa tumbaku.

#42 Mkulima wa Urambo

Bado ni tumbaku. Sijafuta.

#43 Mama Wawili Nyegezi

Jamani mnamchanganya kijana. Mambo ya msingi hamjamuuliza. Kwanza, wewe wakili, leseni yako? Mdogo wangu alikwenda nje kwa mtindo huohuo, akaacha kulipia mwaka, akarudi anakuta hawezi kusimama mahakamani hadi amalize kuhangaika na madeni na alama za mafunzo endelevu. Ilipie kabla hujapanda basi, au uliza rasmi utaratibu wa wakili asiyefanya uwakili kwa muda.

Pili, wateja. Mafaili yakabidhiwe kwa maandishi, mteja asaini. Usimwachie karani funguo ukadhani umemaliza.

Tatu, posho ni kwa sarafu gani? Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mara moja. Waliokuwa wanalipwa kwa kwacha walilala na posho wakaamka na nauli.

#44 Wakili wa Makoroboi

Mama asante, hili la sarafu sikuwa nimelitazama. Mkataba unasema "sawa na dola", haujasema kwa bei ya benki au ya mtaani. Nimeshawaandikia.

Wengine nashukuru. Nimeorodhesha majibu yenu kwa swali langu: fedha ya mfadhili, kukosa upande, upungufu wa mikono, tumbaku, kubadilika kwa mawaziri, kukosa aibu. Niliwapigia wenyewe leo nikauliza moja kwa moja. Yule dada wa ofisi akacheka, akasema: "Tuliomba mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mialo ya wavuvi. Una ziwa, nasi tuna ziwa."

#45 Mzee wa Nansio

Hilo ndilo wanaloambiwa waseme. Bajeti.

#46 Kalamu Nyekundu

Mimi namwamini. Kanuni za makambi ya wavuvi zinawasumbua wote wenye maziwa: watu wanahama kila giza la mwezi linapobadilika, halmashauri haijui wa kwake ni nani, choo cha nani, faini kwa nani. Ripoti yako ilikuwa ya hilohilo.

#47 Shemeji wa Kirumba

Basi mchukue na Fundi wa #26. Na yeye alipwe.

#48 Fundi Vyoo Mabatini

Mimi niko tayari. Ila ufukweni kule ni mchanga. Mchanga ni kazi nyingine, shimo linabomoka usipoliwekea pipa au ringi za zege. Wakili andika hilo kwenye jedwali lako: usitaje choo cha shimo kabla hujauliza ardhi.

#49 Binti wa Malimbe

Na muda wa mwisho wa amri za dharura, tafadhali. Amri isiyo na tarehe ya kufa haifi. Ianguke yenyewe kama Bunge halijaithibitisha. Kwa maoni yangu somo la 2020 ni hilo kuliko mengine yote, watu wanakumbuka tu kwamba nchi haikufungwa.

#50 Ngosha wa Igoma

Karonga Kwanza, kuna viza? Nami nataka kumtembelea wakili nile hiyo nyumba ya bure.

#51 Karonga Kwanza

Mtanzania haombi viza kutembea. Kufanya kazi ni habari nyingine, hata kama hulipwi: kibali kiombwe na ofisi inayokualika kabla hujavuka Kasumulu, usikubali wakuambie "njoo tutashughulikia ukiwa hapa". Na ukifika Lilongwe mitaa mingi inaitwa kwa namba, na hazifuatani. Ukiambiwa nyumba iko Area 47 uliza alama ya karibu, la sivyo utazunguka na teksi hadi jioni.

#52 Dagaa Mkavu

Na kubadilisha shilingi?

#53 Karonga Kwanza

Kidogo tu ya nauli hadi Mzuzu, na uhesabu mwenyewe noti moja moja. Vijana wa pale mpakani wana vidole vyepesi.